Bata Waliojua Kirusi

Katika Dodoma nzima, mwanamke wa kwanza kugundua kirusi ni mimi, Kudra binti Nasri wa Makole, darasa la nne la zamani. Sawa, aliyekigundua hasa ni Daktari Bupe. Lakini kilitoka kwa bata wangu. Na nikisema kilitoka kwa bata msidhani kilitoka mdomoni. Kilitoka upande wa pili, ambako hata mwenye bata hajivunii. Basi niseme hivi: daktari aligundua, bata alitoa, mimi nilimshika mabawa. Ugunduzi wowote lazima uwe na wa kushika.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua kibanda mbele ya kibanda cha mwenzio ukampigia na redio. Vyama vilikuwa vingi, mitumba mingi, na Bunge nalo likawa linakuja kukaa kwetu. Waheshimiwa wakifika, wanafika na matumbo yao. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, akaniachia nyumba, madirisha mawili yasiyofungika, na jirani asiyefungika mdomo. Nikaona nifuge bata.

Kufuga bata Dodoma ni ubishi. Mji wa vumbi na maji ya mgawo, na wewe unaleta mnyama anayetaka kuogelea! Lakini hosteli moja ya shirika la umma ilikuwa imebinafsishwa, na mwenye mali mpya akatupa nje vitu vya zamani. Mimi nikaokota lile beseni la Kizungu la kuogea, jeupe, refu, la kujilaza ndani kama maiti anayesubiri sanda. Nikaliweka uani chini ya ukuta, nikalijaza maji ya kufulia ya nyumba nzima yaliyokwisha kutulia. Bata wakawa wanaogelea kwa zamu. Msimamizi wa zamu alikuwa dume moja kubwa, jeusi kwa jeupe, uso mwekundu wenye vinundu kama mtu aliyeumwa na nyuki. Yeye halii, hufoka tu kwa pumzi: "Ssss!" Akisema hivyo, bata wote wanatulia. Nikamwita Spika.

Bata wale ndio walikuwa ugali wangu na ndio walikuwa mazungumzo yangu. Mwanangu Salwa alikuwa ameolewa Ipagala, ana nyumba yake na mama mkwe wa kutosha. Mimi jioni nikikaa na kibao cha mbuzi nakuna nazi, Spika anakuja kusimama karibu na mguu wangu, namweleza habari za mtaa, anasema "ssss". Mume wangu alikuwa hajibu vizuri hivyo.

Sasa, jirani. Bwana Mbaruku, mtu wa makamo yangu, mjane mwenzangu, watu wa Makole wa asili kama sisi. Babu zetu walikuja na misafara, maji yakawaishia hapa, wakakaa, wakasema wamependa mahali. Mbaruku alikuwa na kibanda cha chipsi barabarani, lakini si chipsi zilizompa jina. Alikuwa na jina kwa sababu, alisema, aliwahi kusoma Moscow. Alisoma nini? Ukimuuliza alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeapishwa siri za dola. Alikuwa na kofia ya manyoya yenye masikio mawili, akiivaa mwezi wa saba upepo wa Dodoma ukianza kukata mifupa, na mwezi wa kumi pia, jua likiwa linakaanga mijusi. Alitufundisha neno moja la huko: *da*, maana yake ndiyo. "Bwana Mbaruku, chipsi zipo?" "Da!" Na mimi, kwa heshima, aliniita Da Kudra, yaani dada. Miaka yote hiyo sikupata kujua kama ananiamkia au ananikubalia.

Daktari Bupe alikuja kiangazi, wakati kideri kinapita mtaani. Mnakijua kideri. Asubuhi kuku mzima, mchana shingo imepinda, jioni umebaki na manyoya na deni la mahindi. Mwaka ule kilimaliza kuku wa Makole, na bata wangu wakawa wanapita juu ya mizoga kama warithi. Ndipo akatokea msichana mwembamba, mtu wa Rungwe, daktari wa mifugo, amevaa buti za mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mvua unaitegemea lini?"

Akacheka. Nikampenda hapo hapo. Mtu mwenye shahada akichekea buti zake mwenyewe, huyo mpe kiti.

Akanieleza anatafuta kwa nini bata hawafi. Huenda, alisema, ndani ya matumbo yao wanaishi wadudu wadogo mno ambao hakuna aliyewahi kuwaona, na wanaishi nao kwa amani, kama wake wenza waliozoeana. Akataka kuchukua sampuli. Akatoa kijiti chenye pamba, akamgeuza Spika, akamwingiza kijiti pale nilipokwisha kusema.

"Daktari," nikamwambia, "huko ndiko mnakopigia hodi?"

Spika hakupenda. Aligeuza shingo akamng'ata daktari mkono, akang'ang'ania. Daktari akaruka: "*Oi, bozhe moi!*"

"Hicho Kinyakyusa?"

"Hapana mama," akasema, anapuliza mkono, "hicho Kirusi. Nimesoma Leningradi miaka yangu yote ya chuo. Nikiumia, kinatoka chenyewe."

Nikaendelea kumshika bata. Kisha nikatazama ukutani, upande wa Mbaruku, nikatabasamu peke yangu. Kuna chakula cha kula cha moto, na kuna cha kuacha kipoe.

Akaenda na vijiti vyake ndani ya chupa yenye barafu. Aliniambia kirusi hakioti kwenye udongo wala kwenye maji. Anakipanda ndani ya yai la kuku lenye mimba changa, kikizaana anakitazama kwa mtambo mkubwa ulioko ng'ambo. Mimi nikajua hatarudi. Watu wengi wameondoka kwangu na vitu kwenye chupa wakisema watarudi.

Akarudi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga, kwa mara ya kwanza buti zake zina maana. Alisukuma mlango wa uani bila hodi, anameremeta.

"Mama! Bata wako wana kirusi!"

Nikaweka chini ungo. "Kirusi? Nani kawafundisha?"

"Kipya kabisa! Hakijawahi kuonekana duniani!"

"Basi si Kirusi hicho, mwanangu. Kile cha zamani kinasemwa na watu wengi tu."

Hapo juu ya ukuta ikachomoza kofia ya manyoya, na chini ya kofia Mbaruku. "Nimesikia Kirusi?" akauliza. "Daktari, bata hawa ni wa aina gani?"

Bupe akajibu kitaalamu, maskini hajui anapokanyaga: "Wanaitwa Maskovi."

"Moscow!" Mbaruku nusura aanguke na tofali. "Nilijua! Kimya chao, mimi nilikijua! Watu wa kule hawapigi kelele. Mimi nimesoma Moscow, daktari."

Bupe akang'aa macho, akafungua mdomo ili amsalimie mwenzake. Nikamkanyaga buti. Akanitazama. Nikamkanyaga tena. Akafunga mdomo. Mtoto wa watu alikuwa mwepesi wa kuelewa.

Ikabidi aeleze taratibu. Maskovi ni jina tu, bata hao asili yao ni Amerika huko, Moscow hawajui hata njia. Na kirusi hiki si lugha, ni yule mdudu mdogo. "Mmoja ni kirusi," akasema, "wengi ni virusi."

Ngeli ya KI-VI! Darasa la nne nilikuwepo, Mwalimu Methusela alitucharaza kwa ajili yake. Nikafurahi kuona imekuja kutumika. Lakini nyuma ya ukuta nikasikia kimya. Lile neno *virusi* sote tulilijua kutoka redioni, na redio ilikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kulitajia. Ukimwi. Umoja ulituchekesha, wingi ukatukimbiza.

Kufika magharibi, Makole imegawanyika. Nusu wanasema bata wa Bi Kudra wanaongea Kirusi usiku. Nusu wanasema wana ukimwi. Watoto walikuja kuchungulia kupitia tundu la mlango wakisema "Spika, sema kitu," na Spika akasema "ssss", wakakimbia: wale wa nusu ya kwanza kwa furaha, wale wa nusu ya pili kwa hofu. Ruthu, jirani yangu muuza ubuyu, Mgogo mwenye maneno yake, ndiye peke yake aliyeingia ndani.

"Bi Kudra, hivi bata anapataje ukimwi?"

"Muulize Spika, ndiye mwenye wake wengi."

Tulicheka mpaka ubuyu ukamwagika. Lakini wateja wangu hawakucheka. Mpishi wa nyumba moja ya wageni, aliyekuwa akichukua bata kwangu kila Bunge likikaa, alipita siku ya pili upande wa pili wa barabara, kainamisha uso kama anatafuta sindano. Na siku ya tatu akaja Bartolomayo, mwenyekiti wa mtaa, mtu mpole mwenye tumbo la uongozi.

"Mama Salwa, wananchi wana wasiwasi. Jumapili tutakaa kikao. Bwana Mbaruku ameshauri bata wote wachomwe."

"Mbaruku kashauri kama nani?"

"Kama mtaalamu. Huu ugonjwa ni wa Kirusi, na yeye ndiye aliyefika."

Nikaagiza mtu aende Msalato, daktari alikokuwa akichukua sampuli za bata wengine, amwite. Alipofika nilimwona rangi imemtoka. Bila bata hai, aliniambia, kazi yote imekufa: anahitaji kuwapima mwezi hadi mwezi, aone kirusi kinakuja lini na kinaondoka lini, kama vifaranga wanazaliwa nacho au wanakipata kwenye maji. Akanionyesha picha yake. Kiduara kimezungukwa na miba, mbigili mtupu, wa kukuchoma kisigino.

"Kinaumiza watu?"

"Sijaona dalili mama. Na moto unakiua, nyama ikiiva, yai likiiva, hakipo. Lakini nikiwaambia hivyo hawatanisadiki. Wataniuliza, nani ameshakula akapona? Nami sina mtu wa kumwonyesha, wewe mayai huuzi, unawaachia bata wayalalie."

Hapo nikakumbuka mayai yangu.

Kila yai likitagwa, mimi nalitia alama ya wanja, kidoti kimoja, nijue jipya na la zamani. Mama yangu alifanya hivyo, bibi yangu alifanya hivyo. Na tangu Idi, mayai yalikuwa yanapungua nyuma ya beseni, pale chini ya ukuta. Nikadhani nguchiro. Nikatega mtego wa nguchiro, nikanasa ndara. Ndara ya mguu wa kushoto, ya kiume. Nikairudisha juu ya ukuta ilipotoka, asubuhi haikuwepo. Nikapita tu nyuma ya kibanda cha chipsi, kwenye jalala la maganda ya viazi, nikainama kama nimeangusha shilingi. Maganda ya mayai makubwa makubwa, meupe, na kila ganda lina kidoti cha wanja, linanitazama kama jicho la bibi harusi.

Wakati ule zege la Mbaruku, yaani chipsi zilizokaangwa na mayai, lilikuwa linavuma hadi kwa makarani wa Bunge. Nene, la manjano, linashika kooni kama zege lenyewe la mjengo. Watu walimuuliza siri. "Kuku wa kienyeji wa Kondoa," akasema. "Naletewa na basi." Na kideri kimemaliza kuku mpaka Kondoa kwenyewe!

Mwenye akili atauliza: mwizi wa mayai anataka bata wachomwe ili iweje? Na mimi nilijiuliza. Jibu lake ni jepesi. Neno virusi lilipotoka, Mbaruku alibaki na hofu moja, wateja wake. Bata wakishakuwa majivu, nani atauliza yai lilitagwa wapi?

Nikamwinamia daktari sikioni. Nikamnong'oneza. Akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono ule ule wenye alama ya Spika.

Jumapili watu walitoka kanisani, wengine walikuwa wakisubiri adhuhuri, wakajaa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Nilikwenda na Spika kwapani, nimemvika kitambaa cha kitenge shingoni, maana mshtakiwa akienda barazani lazima aende na adabu. Debe la mafuta ya taa lilikuwa tayari pembeni. Nikaliona, na kicheko changu kikapungua kidogo. Bata alikuwa na joto mbavuni mwangu, moyo wake unapiga mbio.

Mbaruku akasimama, kofia kichwani, jasho linatiririka kutoka masikio yote mawili ya kofia na yote mawili ya kwake.

"Ndugu wananchi. Mimi nimekaa Moscow. Ugonjwa huu nimeuona kwa macho. Yai moja tu la bata, moja! Mtaa mzima ukazikwa. Wale waliokula, tumbo linaanza kwanza. Dawa yake ni kiberiti."

"Bwana Mbaruku," Ruthu akapaza sauti kutoka nyuma, "hao waliozikwa walizikwa na kofia?"

"Da!" akasema Mbaruku kwa hasira. Watu wakacheka, Bartolomayo akagonga meza.

Daktari Bupe akapewa nafasi. Akaeleza yote: kirusi ni kipya, bata hawaumwi, moto unakiua, na desturi ya wataalamu ni kukipa jina la mahali kilipopatikana. "Dunia nzima kitaitwa Makole," akasema.

Watu wakanong'ona. Wengine walikunja nyuso. Wengine, nikawaona, wananyoosha migongo. "Ipagala hawana chao?" mmoja akauliza. "Hawana," nikamjibu, "mwanangu yuko huko, ningejua."

"Lakini daktari," Bartolomayo akasema, "nani ameshakula akabaki salama? Hilo ndilo tunalotaka."

"Mwenyekiti," akasema Bupe, kwa unyenyekevu wa mtoto aliyelelewa, "hapa kuna mzee wangu mtaalamu. Mambo mengine ya ugonjwa huu yameandikwa kwa lugha ya huko. Naomba nimuulize swali kwa Kirusi, atujibu mbele ya wote."

Mbaruku alimtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Lakini mtaa mzima ulikuwa unamtazama yeye, na kofia ilikuwa kichwani, na miaka yote ile. Akatoa kifua mbele. "Uliza mwanangu."

Na Bupe akamwaga Kirusi. Ee, mngemsikia! Kirefu, kizuri, kinapanda na kushuka, kina *sh* na *zh* kama mafuta ya chipsi yakimwagiwa viazi vibichi. Mwisho akainua sauti kama anayeuliza, akasubiri.

Mbaruku akafumba macho, kama anayepima maneno mazito. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Da," akasema. Kisha kwa nguvu zaidi, kwa wananchi wote: "Da! Da!"

"Amekubali nini?" Bartolomayo akauliza.

"Nilimuuliza," akasema Bupe, "kama ni kweli kwamba mayai ya zege lake anayachukua juu ya ukuta kwa mama Kudra tangu Idi, na kwamba hapa wote wamekula, na hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo. Amekubali mara tatu."

Mikono ilikwenda matumboni, yote kwa pamoja, kama wanajeshi gwaride. Watu wakajipapasa. Wakajisikiliza. Hakuna aliyeumwa. Bartolomayo, aliyekuwa akila sahani mbili kila jioni, alijipapasa kwa muda mrefu kuliko wote, maana alikuwa na eneo kubwa zaidi. Kisha uso wake ukafunguka, akalisukuma lile debe kwa mguu mpaka kwa mgambo.

"Rudisha hayo mafuta dukani," akasema. "Kama bata hawa wangekuwa sumu, leo mngekuwa mnachagua mwenyekiti mwingine."

Ruthu akapiga kigelegele. Kikapokewa. Spika akapiga mabawa kwapani mwangu, kitambaa kikanipiga usoni.

"Tafsiri si sahihi!" Mbaruku akapiga kelele juu ya vigelegele. "Huyu anasema Kirusi cha Leningradi! Sisi wa Moscow hatusemi hivyo! Mimi mayai yangu ni ya Kondoa!"

Nikasogea mbele mpaka karibu naye, na bata wangu.

"Haya jirani," nikamwambia, "hatuna ugomvi. Kama ulikosea kukubali, basi kataa. Sema *hapana* kwa Kirusi, neno moja tu, tukuamini sote."

Mbaruku akatazama juu, akatazama buti za daktari, akavua kofia akachungulia ndani yake kana kwamba neno limeanguka humo. Spika akamwambia "ssss".

"Da..." akaanza. "Da... Da Kudra, jirani yangu, jamani..."